Nani alilipa deni la mto Christina?

Mwezi Machi 1638, meli ya Kalmar Nyckel ilitia nanga kwenye mto mdogo katika nchi ya Walenape, wenyeji wa eneo hilo. Waswidi waliokuwamo wakajenga ngome na kuipa jina la malkia wao, Christina. Mto nao ukabaki na jina hilo. Hapo ndipo ulipoanzia mji wa Wilmington, katika jimbo la Delaware, Marekani, mji wa wakazi wapatao 70,000 ulio kwenye reli ya kutoka Philadelphia kwenda Baltimore.

Ukingo wa mto ule leo una njia ya waenda kwa miguu, mikahawa, maghorofa ya makazi na uwanja wa besiboli. Miaka arobaini iliyopita palikuwa na magofu, vyuma chakavu na udongo wenye sumu. Historia ya mageuzi hayo ni historia ya swali moja zito: uchafu ukibaki na aliyeuacha akaondoka, nani agharimie kuusafisha?

Uchafu wenyewe ulitokana na kazi iliyoulisha mji kwa zaidi ya karne moja. Harlan & Hollingsworth, kampuni iliyoanza na mabehewa ya treni katika miaka ya 1830, iliishusha majini meli ya Bangor mwaka 1844, mojawapo ya meli za kwanza za chuma za Marekani kusafiri baharini. Pusey & Jones, iliyoanzishwa 1848, iliunda meli na mashine za kutengenezea karatasi. Viwanda vya ngozi navyo viliufanya mji ujulikane kwa ngozi laini ya mbuzi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Dravo peke yake iliajiri zaidi ya watu 10,000, wakiunda meli za kivita, zikiwemo zile za kuteremsha vifaru na askari ufukweni.

Kisha kazi ikakauka. Pusey & Jones ilifunga milango mwaka 1959, na Dravo ikafuata katikati ya miaka ya 1960. Waajiri waliondoka, lakini masalia ya kazi yao yakabaki ardhini: risasi ya rangi na vyuma, aseniki na kromiamu za kusindikia ngozi, mafuta ya mashine, na kemikali za PCB zilizotumika katika vifaa vya umeme. Vinamasi vya kando ya mto vilikuwa vimefukiwa kwa majivu na taka.

Mwaka 1978, mkasa wa Love Canal katika jimbo la New York, ambako nyumba na shule vilijengwa juu ya dampo la kemikali, uliishtua Marekani nzima. Mwaka 1980 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuwabana wachafuzi. Ilikuwa sheria ya haki, lakini ilikuwa na makali upande wa pili: mmiliki wa sasa wa kiwanja aliweza kudaiwa gharama za usafishaji hata kama hakumwaga tone la sumu. Benki zikaogopa kukopesha na wanunuzi wakakimbilia mashamba safi nje ya miji. Viwanja vya zamani vya viwanda vikakosa mwenyewe.

Delaware ilianza kulifungua fundo hilo mapema. Mwaka 1990 ilitunga sheria yake ya usafishaji na kuipatia fedha kutokana na tozo ya mauzo ya mafuta. Mwaka 1995 jimbo likaunda shirika la umma la kuendeleza ukingo wa Christina. Mwaka 2002 sheria ya taifa ikamlinda mnunuzi asiye na hatia, mradi achunguze ardhi kabla ya kununua na asizidishe madhara. Miaka miwili baadaye Delaware ikaanzisha mpango wa kuwasaidia wanunuzi wa aina hiyo kubeba gharama.

Kazi yenyewe haina miujiza. Udongo huchimbwa na kupimwa, na ule uliozidi kwa sumu huondolewa. Unaobaki hufunikwa kwa udongo safi au lami, na hati ya kiwanja huwekewa masharti, kama vile kutochimba kisima. Ni lazima jambo hili lisemwe wazi: mara nyingi sumu haijaondoka, imefungiwa tu, na kifuniko kinahitaji mlinzi kizazi hata kizazi.

Matunda yanaonekana. Uwanja wa besiboli ulifunguliwa 1993. Eneo la kinamasi sasa ni hifadhi ya ndege na wanyama, yenye jina la Russell Peterson, gavana ambaye mwaka 1971 alitia saini sheria ya kuzuia viwanda vipya vizito katika pwani ya Delaware. Kreni za Dravo zimeachwa zisimame mahali pake kuwa kumbukumbu ya wafanyakazi.

Lakini mtaa wa Southbridge, wenye wakazi wengi weusi, ulisubiri zaidi. Uko bondeni, umezungukwa na viwanja vya viwanda, na kwa miaka mingi mvua kubwa ilijaza barabara zake maji yaliyochanganyika na majitaka. Bustani ya ardhi oevu ya kupokea maji ya mvua, iliyojengwa juu ya kiwanja kilichochafuliwa, ilifunguliwa huko mwaka 2022 tu, karibu miaka thelathini baada ya uwanja wa besiboli.

Mwaka huohuo kampuni ya Monsanto, iliyotengeneza kemikali za PCB, ilikubali kuilipa Delaware dola milioni 65 kumaliza madai ya uchafuzi wa PCB, ambazo bado zimo katika tope la mito na katika samaki wake.

Basi deni limelipwa na nani? Sehemu kubwa imebebwa na umma, sehemu na wanunuzi, na sehemu, kwa kuchelewa mno, na mchafuzi. Wakazi wa Southbridge walilipa bila kuulizwa, kwa nyumba zilizoingiwa na maji. Wilmington imethibitisha kwamba ardhi iliyotelekezwa inaweza kurudi kutumika. Mji wowote unaotaka kuiga mfano wake uanze kusafisha pale watu wanapolala, kisha ndipo ujenge pale watalii wanapotembea.