Rungwe kwa Miguu, Kabla ya Mjerumani na Baada Yake

Mgeni anayelala Tukuyu na kutaka matembezi ya siku moja hutajiwa karibu sehemu zilezile: Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, maporomoko ya Kaporogwe, Ziwa Masoko, na akiwa na pumzi ya kutosha, kilele cha Rungwe chenye mita zinazokaribia 3,000. Ziara nzuri zote, na mvua ikimnyeshea njiani asilalamike; bila mvua hiyo kusingekuwa na Rungwe ya kutembelea. Ila asikilize masimulizi anayopewa. Kaporogwe kuna pango nyuma ya maji, na ndani yake mabaki ya ukuta: Wajerumani walijificha humo. Masoko kuna jengo la mawe lililotumiwa na jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza, kabla ya kugeuzwa mahakama. Na ziwani, wasemavyo watu, Wajerumani walitupa sarafu zao walipokuwa wakikimbia. Kila kona Mjerumani. Na utawala wake huku, tangu kituo cha Langenburg kilipojengwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa mwaka 1893 hadi majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipoingia Mei 1916, haukufikisha hata miaka 25.

Alama zake zipo, hilo halina ubishi. Makao ya wilaya yalipandishwa kutoka ziwani hadi Tukuyu mwanzoni mwa karne ya 20, pakaitwa Neu-Langenburg. Wamisionari walikuwa wameitangulia serikali: mwaka 1891 Wamoravian, akiwemo Theodor Meyer, walianzisha kituo cha Rungwe chini ya mlima, na mwaka huohuo Misheni ya Berlin ikaingia ikiongozwa na Alexander Merensky. Kyimbila, karibu na mji, chai ilipandwa mwaka 1904, miaka mingi kabla mashamba hayajavifunika vilima kama tunavyoviona leo. Hapohapo aliishi mmisionari Adolf Stolz, aliyekusanya mimea kwa bidii kiasi kwamba jenasi nzima ya okidi, Stolzia, imepewa jina lake. Mimi ningempeleka mgeni Kyimbila kabla ya Kaporogwe.

Lakini waliofika kabla ya bendera ya Mjerumani waliona nini? Konseli Mwingereza Frederic Elton alipita mwaka 1877, naye Joseph Thomson akafuata mwaka 1879. Thomson alivutiwa na migomba, nyumba nadhifu na viwanja vilivyofagiliwa, hata akaifananisha nchi hii na Arcadia, ile nchi ya wachungaji katika mashairi ya Wagiriki na Warumi. Arcadia halisi ipo Peloponnese, Ugiriki, na siku hizi watalii huipitia kwa miguu kwenye njia ya Menalon, kilomita zipatazo 75. Huko wanasimama kwenye nyumba za watawa zilizong'ang'ania miamba ya bonde la Lousios, na Dimitsana wanaonyeshwa kinu cha baruti kilichoendeshwa kwa maji. Yaani wanaonyeshwa kazi za wenyeji.

Rungwe ina kitu cha namna hiyo, ila hakimo kwenye orodha. Lubaga, si mbali na Tukuyu, palikuwa makao ya Lwembe, mtawala mtakatifu aliyetegemewa kwa mvua na rutuba ya nchi. Masimulizi yanasema machifu wa Wanyakyusa, wenyeji wa huku, walitoka Bukinga, ng'ambo ya Milima ya Livingstone, wakileta moto, ng'ombe na mazao. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti hapa kati ya 1934 na 1938, waliandika kwamba Lwembe akidhoofika hakuachwa afe kwa ugonjwa. Makuhani walimmaliza, ili nchi isidhoofike pamoja naye. Waliandika pia juu ya vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kama kumi waliondoka kwa wazazi na kujijengea kijiji chao, na walipokomaa, kwa sherehe ya ubusoka, baba zao waliwakabidhi madaraka. Moto mpya ukawashwa, miti ikapandwa. Utaratibu huo umekwisha, na anayetembea leo kati ya nyumba na migomba hawezi kuubaini kwa macho. Ndiyo maana anahitaji mtu wa kumwambia.

Hata Masoko, hazina kubwa siyo sarafu. Ni tope. Wanasayansi walichimba sakafu ya ziwa hilo la kreta wakapata matabaka yenye chavua na vumbi la volkano, kumbukumbu ya hali ya hewa na uoto ya zaidi ya miaka 40,000. Na kipunji, kima ambaye sayansi ilimtangaza mwaka 2005 na kumpa jenasi yake, Rungwecebus, mwaka uliofuata, alijulikana kwanza kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Watafiti walianza kumtafuta mlimani baada ya kusikia habari zao.

Mwenye siku ya ziada ateremke hadi Matema, wilayani Kyela, afike huko Ijumaa jioni. Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo, mwendo mfupi kwa miguu kando ya ziwa, ambako vyungu vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufika kwa mitumbwi. Awahi asubuhi, maana wachuuzi wa jumla hawachelewi.