Kalulu wa Kitabu na Kalulu wa Mto

Sisi wa Kindu twauona Lualaba kila siku. Mwishoni mwa mwaka 1876 ulipita hapa msafara wa Stanley, na ndani yake mtoto ambaye jina lake lilikwisha pigwa chapa kitabuni huko Ulaya.

Mtoto huyo aliitwa Ndugu Mhali, maana yake mali ya ndugu yangu. Mwaka 1871, huko Unyanyembe, mfanyabiashara Mwarabu alimtoa kwa Stanley kama zawadi, kwa kuwa alikuwa mtumwa. Stanley hakulipenda jina lile; akawaita wakubwa wa msafara wamtafutie jingine, wakamwita Kalulu, yaani mtoto wa paa. Akampeleka Uingereza, akamtia shuleni London.

Mwaka 1873 Stanley alitoa hadithi iitwayo My Kalulu. Katika karne ile waandishi wengi wa Ulaya walipenda mtindo wa Kiromantiki: kumchora mtu kwa rangi kali, uzuri mwingi, ushujaa mwingi, machozi mengi. Basi Kalulu wa kitabu si mtumishi tena. Ni mwana wa ukoo wa kifalme, mzuri wa umbo, hodari wa moyo. Hata auzwapo Unguja, urafiki wake na Selim, kijana Mwarabu, wamtoa utumwani.

Tusimwonee mwandishi. Alitaka wavulana wa kwao wachukie biashara ya watumwa, na ubaya huo haukuwa hadithi. Mwezi wa Julai 1871, hapa hapa Maniema, Livingstone aliona kwa macho yake watu wakipigwa bunduki sokoni Nyangwe.

Lakini yule mtoto wa kweli yu wapi? Alirudi Afrika pamoja na Stanley, wakaondoka Nyangwe mwezi wa Novemba 1876, wakateremka na mto. Mwezi wa Machi 1877, mbali huko chini, mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko, akafa maji, angali kijana mdogo. Stanley akayaita maporomoko yale Kalulu. Hata katika kifo, jina la kupewa likalifunika lile alilokuja nalo.

Kutunga hadithi si kosa. Ila kitabuni mtoto husema yale tu aliyopewa na mwandishi kusema. Yeye alimpa ufalme na uhuru kwa wino; mtoto mwenyewe alibaki mfuasi wa safari za mwingine.

Nasi makatekista tujiulize. Mtoto ajapo kuandikishwa ubatizo, pengine twaandika upesi jina la mtakatifu, wala hatumwulizi bibi yake wanamwitaje nyumbani, na kwa sababu gani. Tuulize, tusikilize, ndipo tuandike. Mungu amjua kila mtu kabla hatujamchora sisi.

Na mwezi wa Novemba, tuwaombeapo marehemu wote, tumtaje naye kwa jina lake: Ndugu Mhali.