Mutshatsha: bei ya kutengeneza frigo, toka wakati wa kampuni
Katika kambi za Union Minière, na za Gécamines baadaye, kampuni ndiyo ilitengeneza nyumba za wafanyakazi. Fundi na mwenye nyumba hawakupatana bei. Baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, mazoea hayo yakafifia. Mwaka 1993 zaire mpya 1 ikachukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Bei ya asubuhi haikufika jioni, ndipo watu wakazoea kuhesabu kwa dola.

Hapa Mutshatsha fundi wa frigo ana njia mbili: bei moja ya kazi yote, ao malipo ya siku. Ya siku inaumiza: mota ikiwa imekufa, unalipa tu. Afadhali afungue kwanza, halafu ataje bei. Mbabula ya baridi ya mwezi wa sita haina ubishi, tundu linaonekana.