Nuru Iliyotoka katika Kwinini

Mkazi wa Songambele, kata iliyo leo katika Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hushinda baina ya migomba na mibuni yake, na homa ya malaria anaijua tangu utotoni. Lakini huenda hajapata kusikia kwamba ilimu moja adhimu ya zama zetu, ya kutazama molekuli moja moja, ilichipuka katika dawa ya homa hiyohiyo.

Mwaka 1845 John Herschel, mwanachuoni wa Uingereza, aliona kwamba maji yenye kwinini, dawa hiyo ya malaria, ingawa ni maangavu, hutoa rangi ya samawati yakipigwa na jua. Na mwaka 1852 George Gabriel Stokes akabainisha kuwa dawa ile hunywa nuru isiyoonekana na kuirudisha ikiwa nuru ya kuonekana, hali aliyoiita fluoresensi. Miaka tisa baadaye, Novemba 1861, wasafiri Speke na Grant walipiga hodi kwa Omukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Karagwe, katika zama ambazo unga ule mchungu wa kwinini ulikuwa kinga ya wasafiri wa Kizungu.

Mwaka 1948 mwanachuoni Theodor Förster alieleza kwa hesabu jinsi molekuli iliyopokea nuru inavyompa jirani yake nguvu bila kumgusa, wakiwa karibu kwa nanomita chache tu. Mwaka 1989 mwanachuoni Moerner, huko Marekani, aliitambua molekuli moja peke yake; mwaka uliofuata mwenzake Orrit, huko Ufaransa, akaiona kwa mng'aro wake; na mwaka 1996 hikima hizo mbili, ile ya Förster na ile ya kuona molekuli moja, zikaunganishwa. Tangu hapo protini hutiwa rangi mbili: ikijikunja, rangi ya pili hung'aa, ikijikunjua, hung'aa ya kwanza, na mtazamaji hufuata mwendo unaokwisha kabla jicho halijapepesa. Kuzipima protini milioni kwa pamoja hutoa wastani tu, nao wastani ni kama kelele za soko, ambazo hazimjulishi msikilizaji ni nani aliyegombana na nani.

Leo mkoani Kagera wamebainika vimelea vya malaria vyenye badiliko liitwalo R561H, ambapo kiungo kimoja tu cha protini yao iitwayo kelch13 kimebadilika, na dawa za artemisinini zimeanza kupungukiwa na makali juu yao. Mabadiliko madogo kama hayo ndiyo yanayostahili kutazamwa kwa jicho la molekuli moja moja. Ilimu hii ilianzia katika dawa ya homa. Ni haki yake kurudi kuipiga vita homa.