Kahawa Chungu na Usingizi

Leo tunazungumza juu ya kahawa chungu, ile ya kwenye dele, inayotegemewa na askari wa zamu ya usiku kule Diani na dereva wa kwenda Lunga Lunga.

Jambo lenyewe ni la kale. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikunywa kahawa ili wakeshe kwa dhikiri. Mwaka 1819 mwanakemia Mjerumani, Friedlieb Runge, alitenga kafeini kutoka kwenye buni. Inafanyaje kazi kichwani? Hilo hakulijua.

Jawabu lilianzia kwenye moyo. Mwaka 1929, huko Cambridge, Uingereza, Drury na Szent-Györgyi waliona kwamba adenosini, kemikali inayotengenezwa na miili yetu wenyewe, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mwaka 1970 Sattin na Rall wa Marekani wakaonyesha kuwa dawa za jamii ya kafeini huizuia adenosini isifanye kazi yake kwenye ubongo. Kisha mwaka 1997 Tarja Porkka-Heiskanen, mtafiti kutoka Finland, pamoja na wenzake huko Marekani, walipima ubongo wa paka waliozuiwa kulala kwa saa 6. Adenosini ilipanda kadiri paka walivyokesha, na waliporuhusiwa kulala ikashuka polepole.

Basi fikiria kitasa cha mlango. Adenosini ni ufunguo unaofungulia usingizi. Kafeini ni kijiti kilichoziba tundu. Kijiti hakipunguzi uchovu hata kidogo. Adenosini inazidi kulundikana nje, na kafeini ikiisha usingizi humvamia dereva akiwa kwenye usukani. Huyo dawa yake ni kuegesha gari na kulala, hata dakika 20.

Msidhani ni ule uchungu unaokesha. Katika misitu yetu ya Milima ya Shimba kuna mbuni wa mwituni ambao wataalamu waliupa jina Coffea pseudozanguebariae mwaka 1982. Buni zake hazina kafeini!

Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini huondoka mwilini kwa muda wa saa 5 hivi. Ukinywa saa mbili usiku, saa saba nusu ingalimo. Kwa mama mjamzito hukaa muda mrefu zaidi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri wajawazito wanaopitisha miligramu 300 kwa siku wapunguze. Chai ya rangi nayo ina kafeini, kwa hiyo ihesabuni pia.