Njia ya Kwenda Embakasi

Uwanja wa ndege wa Nairobi ulijengwa kwa mikono ya watu waliokuwa wamekatazwa kusafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndege za abiria zilikuwa zikitua Eastleigh, na serikali ya kikoloni ilitaka uwanja mkubwa zaidi kwenye uwanda wa Embakasi, kusini mashariki mwa mji. Wakati huo huo, kuanzia Oktoba 1952, Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari. Magereza na kambi zilijaa watu walioshukiwa au kuhukumiwa kwa ajili ya Mau Mau, na maelfu yao walifanyishwa kazi Embakasi ya kuandaa ardhi ambayo ndege zingetua. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mitaa ya Waafrika ilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakaulizwa karatasi zao, na maelfu wakapelekwa kambi za Manyani na Mackinnon Road. Mwaka 1958 uwanja wa Embakasi ulifunguliwa na Gavana Evelyn Baring, yule yule aliyekuwa ameitangaza Hali ya Hatari.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu vizuizi vya barabarani katika historia ya Nairobi, kwa hiyo nimeisoma habari hii mara nyingi. Lakini sikuwa nimetegemea kwamba ingenifanya kuwa afisa wa safari wa ukoo wetu. Tangu mwaka 2023, kila ndugu mwenye tikiti ya ndege hunipigia simu na swali moja: siku hiyo kutakuwa na maandamano, je, nitafika? Nimejifunza kwamba swali hilo halijibiki kwa kutazama ratiba ya ndege. Linajibiwa kwa kalenda na kwa ramani.

Nianze na ramani. Uwanja ambao leo unaitwa Jomo Kenyatta uko yapata kilomita 15 kutoka katikati ya mji. Njia kuu ya kuufikia ni Mombasa Road. Njia ya nyuma hupitia Outer Ring na mitaa ya Embakasi. Tangu 2022 kuna pia barabara ya juu ya kulipia, ya kilomita 27, kutoka Westlands hadi Mlolongo. Anayetoka Machakos au Mombasa huufikia uwanja kabla hajauona mji. Anayetoka Nakuru, Kisumu au Kitale huingilia Waiyaki Way upande wa pili, na anayetoka Nyeri au Meru hushuka na Thika Road. Hawa wawili lazima waukate mji au wauzunguke. Kwa hiyo kizuizi kilichowekwa Kangemi au Roysambu humzuia hata msafiri asiye na shughuli yoyote mjini. Uwanja wenyewe una ua, kamera na askari, na ni vigumu kuuvamia. Barabara haina ulinzi huo. Watu kumi na matairi matatu wanaweza kuifunga kwa saa nzima, na lori moja la polisi linaweza kuifunga kutwa.

Kuhusu kalenda, mfano wangu ni wa binamu yangu. Mwaka jana, 2025, alipata kazi ya nyumbani katika nchi moja ya Ghuba. Tikiti aliyotumiwa na wakala ilisema Jumatatu, tarehe 7 Julai, saa nne usiku. Mama yake, shangazi yangu, alinipigia simu kutoka Kitale akiwa na furaha. Nilipomwambia kwamba tarehe hiyo ni Saba Saba, akacheka.

"Mwanangu, hayo si mambo ya zamani, ya kina Matiba?"

Ni ya zamani kweli. Mwaka 1990 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, waliitisha mkutano wa kudai vyama vingi katika uwanja wa Kamukunji, tarehe 7 Julai. Serikali ikaukataza mkutano, na siku tatu kabla yake ikawakamata wote wawili. Watu walikwenda Kamukunji hata hivyo. Polisi walipowatawanya, vurugu zilisambaa hadi miji mingine kwa siku kadhaa, na watu wasiopungua 20 walikufa. Desemba 1991 Rais Moi alikubali kifungu cha 2A cha Katiba kiondolewe, na vyama vingi vikarudi. Tangu hapo tarehe 7 Julai haijawahi kuwa siku ya kawaida. Mwaka 1997 wanaharakati walirudi barabarani siku hiyo hiyo kudai mageuzi ya Katiba kabla ya uchaguzi.

Sasa kalenda imeongezewa tarehe nyingine. Tarehe 25 Juni 2024, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni, na polisi wakafyatua risasi. Kesho yake Rais Ruto alisema hatautia saini mswada huo. Kwa hiyo kuanzia 2025 nchi ina kumbukumbu mbili ndani ya siku 13, moja ya waliouawa 2024 na moja ya waliouawa 1990. Anayenunua tikiti kati ya tarehe hizo ananunua pia historia iliyomo, apende asipende. Kampuni za ndege hazina alama ya jambo hili kwenye tovuti zao.

Waandamanaji wa Nairobi wameufikiria uwanja wa ndege pia. Tarehe 12 Julai 2023, wakati wa maandamano ya upinzani kuhusu gharama ya maisha, kituo cha kulipia barabara cha Mlolongo kiliharibiwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Julai 2024, vijana walitangaza kwamba wangeukalia uwanja wa Jomo Kenyatta wenyewe. Polisi walijibu kwamba hilo ni eneo linalolindwa kisheria, wakajaa kwenye njia zake, magari yakakaguliwa. Matairi yalichomwa kwenye barabara za kuelekea huko, lakini uwanja haukukaliwa na ndege ziliendelea kuruka.

Wengine walikuwa wamefanikiwa kwingineko. Novemba 2008 wapinzani wa serikali ya Thailand waliukalia uwanja wa Suvarnabhumi, mjini Bangkok, kuanzia tarehe 25. Mamia ya maelfu ya wasafiri walikwama. Wavamizi waliondoka tarehe 3 Desemba, siku moja baada ya mahakama kukivunja chama tawala. Agosti 2019 umati ulijaa ndani ya uwanja wa Hong Kong, na tarehe 12 safari zote zilizobaki za siku hiyo zikafutwa. Hong Kong reli ya mji inafika hadi uwanjani, na katika miji yote miwili ukumbi wa abiria ulikuwa mahali pa watu wengi kuingia tu. Embakasi gari hukaguliwa mbali na jengo, na abiria hushuka akatembea kupitia mashine. Anayetaka kuandamana humo lazima kwanza apekuliwe.

Ndege za Nairobi zimesimamishwa na watu ambao tayari wako ndani. Tarehe 6 Machi 2019 wafanyakazi wa uwanja walipogoma, polisi walitupa mabomu ya machozi nje ya kumbi za abiria, na safari zikavurugika. Tarehe 11 Septemba 2024 waligoma tena, mara hii kupinga mpango wa kuikodisha kampuni ya Adani ya India uwanja huo kwa miaka 30. Asubuhi hiyo mamia ya abiria walikuwa wamekaa juu ya masanduku yao. Kufikia jioni makubaliano ya kurudi kazini yalikuwa yametiwa saini, na Novemba mwaka huo Rais akautangaza mpango wa Adani kuwa umefutwa. Kwa msafiri tofauti ni kubwa. Mgomo ukisimamisha ndege, kampuni ya ndege ndiyo yenye jukumu la kukutafutia nafasi nyingine au kukurudishia fedha. Barabara ikifungwa, ndege huondoka kwa wakati wake, na kwenye rekodi wewe ndiye abiria ambaye hakutokea.

Hilo ndilo lililonitia hofu kuhusu binamu yangu. Wakala alikuwa amemwambia kwamba akikosa ndege, bei ya tikiti itaongezwa kwenye deni lake. Shangazi alikuwa ameshauza ng'ombe mmoja kwa ajili ya pasipoti, vipimo vya hospitali na ada. Hakukuwa na ng'ombe wa pili.

Tukapanga hivi. Asisafiri Jumapili, kwa sababu kampuni za mabasi husimamisha magari siku ya kuamkia maandamano, na polisi huanza kuweka vizuizi usiku. Apande basi la Ijumaa usiku, tarehe 4, afike Nairobi Jumamosi asubuhi. Asilale kwangu, ingawa nina nafasi, kwa sababu ninakaa Kangemi, upande usiofaa wa mji. Alale Tassia, kwa rafiki yangu wa chuoni, mahali ambapo mambo yakiharibika mtu anaweza kufika uwanjani kwa miguu. Sanduku liwe moja, la kubebeka kichwani. Pasipoti, mkataba na tikiti vikae kwenye mfuko mdogo wa shingoni, kwa sababu kwenye kizuizi karatasi ndiyo inayozungumza kwanza. Na Jumatatu atoke saa kumi na moja alfajiri, ingawa ndege ni ya usiku.

Shangazi aliona tumezidisha. Saa kumi na saba za kusubiri ndege!

Jumatatu hiyo nilishuka asubuhi hadi Waiyaki Way. Sikuona magari. Polisi walikuwa wameziba barabara kuu zote za kuingia Nairobi, baadhi kwa nyaya zenye miiba, na kuwarudisha watu kilomita nyingi kabla ya mji. Watu waliovalia sare za kazi za hospitali walikuwa wakitembea. Familia moja ilikuwa imeshuka kwenye gari, baba akiburuta masanduku mawili yenye magurudumu juu ya lami tupu, kuelekea upande wa mjini. Nilijua kutoka pale hadi Embakasi ni umbali gani. Katikati ya Nairobi maduka yalikuwa yamefungwa na mitaa mitupu. Waandamanaji walikuwa wameitisha siku ya kuusimamisha mji. Polisi wakausimamisha wao kabla ya mwandamanaji wa kwanza kuvaa viatu.

Binamu yangu alikuwa nje ya jengo la abiria kabla ya saa moja asubuhi. Alipita kizuizi kimoja. Askari alimulika tochi kwenye tikiti yake, akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, akamwacha apite. Aliniandikia ujumbe mchana. Alikuwa akifuatilia habari kwenye simu, na alisema kwamba kama asingekuwa na tikiti, naye angekuwa barabarani. Ana miaka 23. Waliouawa siku hiyo wengi walikuwa vijana, na mojawapo ya malalamiko yao ni kwamba mtu wa umri huo hapati kazi nchini. Yeye alikuwa amekwisha kulitatua jambo hilo kwa njia nyingine, ya kuondoka. Ndege yake iliruka kwa wakati. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu baadaye ilitangaza kwamba watu wasiopungua 31 waliuawa katika maandamano ya siku ile.

Miezi mitatu baadaye umati uliingia kweli uwanjani. Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025, na kesho yake mwili wake ulipoletwa, maelfu ya waombolezaji wakaufuata hadi ndani, na shughuli za uwanja zikasimamishwa kwa takriban saa mbili. Raila alikuwa mmoja wa waliokamatwa Julai 1990, wakati wa Saba Saba ya kwanza. Kile ambacho wito wa 2024 haukuweza kukifanya, msiba ulikifanya bila mpango wowote. Uzio ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba siku hiyo hakuna aliyekuwa tayari kuuzuia umati kama alivyokuwa tayari Julai.

Kila maandamano yanapokaribia, tunaambiwa kwamba kuna haki mbili zinazogongana: kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na kifungu cha 39, kinachompa haki ya kwenda anakotaka. Msafiri hufundishwa kumwona mwandamanaji kama adui wa safari yake. Nimepanga safari za kutosha sasa kuuona mpango huo kwa upande mwingine. Vifungu vyote viwili vinahusu mtu kuwa barabarani bila kuulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi. Tarehe 7 Julai 2025 kizuizi kimoja kiliwazuia wote wawili, na hakikuwa cha matairi.

Ndugu wakinipigia simu siku hizi nawauliza mambo manne: tarehe, saa, barabara, na upande wa mji mtakaolala. Wengine hukasirika, wakisema hii ni nchi huru, kwa nini mtu alale Tassia siku mbili ili apande ndege. Nakubaliana nao. Kisha nawauliza tena watalala upande gani.