Maorisha wa Wayoruba: Shirki ya Wanaomkiri Muumba

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Wengi wetu hudhani kuwa mshirikina ni mtu asiyemjua Mungu. Dini ya jadi ya Wayoruba wa kusini magharibi mwa Nigeria yaonesha vinginevyo. Kwao Muumba ni mmoja, Olodumare, aitwaye pia Olorun, yaani Mwenye mbingu. Hana sanamu wala hekalu. Lakini nadhiri na machinjo aghalabu huelekezwa kwa maorisha, ambao kwa hesabu ya jadi ni 401: Ogun wa chuma na vita, Osun wa mto, Orunmila wa ramli ya Ifa, na Esu, mjumbe anayefikisha sadaka.

Hali hii si ngeni. Makuraishi walipoulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, walimtaja Allah (29:61). Wakawaabudu wengine kwa madai kuwa watawasogeza karibu Naye (39:3). Kukiri huko hakukuwafaa kitu, kwani walithibitisha Rububiyya wakaikosa Uluhiyya.

Tutazame pia asili ya Sango, orisha wa radi. Masimulizi ya Wayoruba wenyewe yanamtaja kuwa mfalme wa Oyo aliyeabudiwa baada ya kufa. Ibn Abbas (R.A.), kama alivyopokea Bukhari, amesema hivyo hivyo kuhusu Wadd, Suwa' na wenzao (71:23): walikuwa watu wema, wakafanyiwa masanamu ya ukumbusho, na elimu ilipopotea wakaabudiwa.

Hata hivyo, uadilifu ni wajibu. Biblia ya Kiyoruba, kazi ya karne ya 19 iliyoongozwa na Askofu Samuel Ajayi Crowther, ilimwita Shetani kwa jina la Esu. Lakini Esu wa jadi, pamoja na hila zake, ni mjumbe, si mwasi aliyefukuzwa. Mlinganiaji akimwambia Myoruba kuwa anamwabudu Iblisi, ataonekana hajui asemalo, na hoja ya Tawhid itapotea.

Jambo hili lina uzito, kwa kuwa koo nyingi za Wayoruba zina Waislamu, Wakristo na watu wa jadi pamoja. Nyama iliyochinjwa kwa ajili ya Ogun ni haramu (5:3), ijapokuwa mchinjaji ni mjomba. Wema kwa wazazi washirikina unabaki, bila kuwatii katika shirki (31:15). Basi tuanze na lile wanalolikiri: aliyeumba peke yake ndiye astahikiye kuabudiwa peke yake.

Wallahu a'lam.